Transfoma haikuwa imejaa: kisa cha umeme mdogo katika kijiji cha pwani ya Mtwara

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja cha wavuvi na wakulima wa korosho mkoani Mtwara. Jina la kijiji, vitongoji, wahusika na msambazaji wa umeme vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili watu wasitambulike. Mwandishi alikaa na kamati ya kijiji kama mshauri wa mambo ya umeme, bila kura.

Usuli

Kijiji kina vitongoji vitatu, na hapa nitaviita Kati, Juu na Ufukweni. Kati ndiko kuliko na barabara, soko, ofisi ya kijiji, mashine mbili za kusaga na transfoma yenyewe. Juu kuna zahanati, shule na nyumba nyingi za wakulima. Ufukweni ni mwisho wa laini, kama kilomita moja kutoka kwenye transfoma, na ndiko wanakoshusha samaki na pweza.

Transfoma ni ya kVA 50, njia tatu, yaani nyaya tatu zinazobeba umeme, na kila mmoja huitwa fezi. Kwa volti 400 hiyo ni takriban ampea 72 za mkondo kwa kila fezi. Msomaji aishike hiyo 72, tutairudia mara nyingi.

Umeme ulipoingia, 72 zilikuwa nyingi mno. Watu walikuwa na taa mbili tatu, redio, chaja za simu, na televisheni kwa wachache. Mzigo ulikua kwa misimu. Huku fedha huja na korosho: minada huanza Oktoba, malipo hupitia vyama vya msingi, na ikifika Desemba au Januari kirikuu huonekana zikipanda njia ya mchanga zimebeba friza zilizofungwa kamba. Kila msimu mzuri uliongeza friza, feni, spika kubwa na mabirika ya umeme. Hakuna aliyemwarifu mtu, wala hakuna aliyefikiri anapaswa kuarifu. Ukishalipia LUKU, umeme wa malipo ya kabla, uniti ni zako.

Kuna jambo jingine la usuli ambalo mgeni hawezi kuliona kwenye nguzo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikaa nje ya gridi ya taifa zikitegemea umeme unaofuliwa kwa gesi hiyo mjini Mtwara. Mwaka 2013 mji uliingia kwenye maandamano na vurugu kubwa juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam; bomba lilikamilika 2015. Miaka hiyo iliacha mazoea mawili ambayo yote yaliingia kwenye kisa hiki. Umeme ukilegea, watu husema ni mitambo ya mjini. Na mmoja akipata kuliko mwingine, husemwa kuna aliyependelewa.

Malalamiko

Baada ya msimu mmoja mzuri wa korosho, Ufukweni walianza kulalamika kwamba jioni umeme unakuja mdogo. Taa za LED ziliwaka vizuri tu, na hilo liliwachanganya watu, maana taa hizo huvumilia volti ndogo bila kuonyesha. Waliodhurika ni wenye friza. Kompresa inaguna sekunde chache, inakata, inapoa, inajaribu tena. Friza zikaanza kuungua moja moja. Mnunuzi mmoja wa pweza alifungua friza asubuhi akakuta maji ya rangi ya zambarau yamejaa chini na pweza wa siku mbili wameanza kunuka.

Kati hawakuona lolote. Kwao volti zilikuwa sawa usiku na mchana. Kwa hiyo mkutano wa kwanza wa kijiji ulikuwa wa watu wanaozungumzia mitandao miwili tofauti wakidhani ni mmoja. Mwenyekiti, ambaye nyumba yake iko nguzo ya tatu kutoka kwenye transfoma, alisema yeye haoni tatizo. Mama mmoja wa Ufukweni alisimama akamjibu: “Mwenyekiti, kwako friza inaganda. Njoo kwangu saa mbili usiku uone feni inavyozunguka kama inaomba ruhusa.” Watu walicheka, lakini hoja haikusogea.

Tuhuma zilifuata. Ufukweni walisema mashine za kusaga zinanyonya umeme wote kabla haujafika kwao. Wenye mashine walisema friza ndizo zimeongezeka, wao wapo tangu mwanzo. Wengine walisema ni mitambo ya mjini, tusubiri. Hili la mwisho lilikuwa rahisi kupimwa: upungufu wa mitambo ungewagusa Kati na Ufukweni sawasawa, tena kwa kukatika kabisa. Umeme unaolegea mkiani peke yake, tena saa zile zile kila jioni, ni msongamano wa hapo hapo. Hoja hii ilisemwa mkutanoni, ikasikilizwa kwa adabu, ikapitwa.

Uamuzi wa kwanza: ratiba ya saa

Kamati ya watu saba iliundwa. Kulikuwa na wajumbe wa vitongoji vyote vitatu, mwenye mashine kubwa ya kusaga, mwakilishi wa wanunuzi wa samaki, na muuguzi wa zahanati. Afisa mtendaji aliandika muhtasari.

Walichoamua kinaeleweka kabisa. Jioni ni ya nyumba, kwa sababu nyumba ndizo nyingi. Mashine za kusaga zifanye kazi kutwa hadi saa kumi na mbili jioni. Fundi wa kuchomelea apewe saa sita hadi saa nane mchana, mashine zinapokuwa na wateja wachache. Na friza za biashara zizimwe kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Kila upande ulitoa kitu. Mzee mmoja aliifunga hoja kwa maneno ambayo kila mtu aliyakubali: kila mtu na zamu yake, kama kisimani.

Palipendekezwa pia faini ya shilingi 20,000 kwa atakayekiuka. Mtendaji aliikataa, na alikuwa sahihi. Kijiji hakiwezi kutoza faini kwa azimio la kamati. Inahitajika sheria ndogo inayopitishwa na mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Wala kamati haina nafasi ya kugusa bei ya umeme, kwa kuwa bei huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ratiba ikabaki kuwa makubaliano matupu.

Juma la kwanza ratiba ilionekana kufaulu. Malalamiko yalipungua, mwenyekiti akapongezwa. Kilichofichika ni kwamba juma lile lilikuwa la maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haikupwi sana. Pweza hawapatikani kwa wingi maji mafu, kwa sababu miamba haifunuliwi. Friza zilikuwa nusu tupu na hazikuwa na kazi.

Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, lilipoingia mambo yakageuka. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hukauka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Wachokoaji, wengi wao wanawake, hurudi mchana na pweza wa moto wa jua, na friza huanza kushindiliwa saa saba, saa nane. Pweza huyo anahitaji baridi mfululizo hadi usiku wa manane. Kumwambia mnunuzi azime saa kumi na mbili ni kumwambia auze kwa hasara au atupe. Basi hawakuzima. Waliweka magodoro juu ya friza ili mlio usisikike nje. Kamati ikateua vijana wawili wa kupita usiku wakisikiliza kompresa kwenye kuta za nyuma. Nimepita nao usiku mmoja: mmoja anaweka sikio kwenye ukuta wa udongo, mwingine anaandika jina kwenye daftari, na mbwa wa kitongoji kizima wanabweka. Daftari lile lilizaa ugomvi ambao haukuisha kwa muda.

Wale waliotii ndio waliosababisha balaa kubwa zaidi. Walizima saa kumi na mbili, wakawasha saa nne kamili, wote kwa pamoja. Friza iliyokaa saa nne bila umeme inaanza na joto, na mota ikianza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Usiku wa pili wa bamvua, dakika chache baada ya saa nne, fyuzi moja ya transfoma ilikatika. Thuluthi ya kijiji, zahanati ikiwemo, ilikaa gizani hadi mafundi wa msambazaji walipofika kesho yake. Muuguzi alizalisha usiku ule kwa tochi ya simu. Chanjo zilinusurika kwa sababu jokofu la zahanati halikufunguliwa.

Kipimo kilichobadilisha mazungumzo

Fundi aliyekuja kubadilisha fyuzi aliombwa arudi jioni ya bamvua badala ya kupima mchana, na alikubali. Saa mbili usiku, mashine zote za kusaga zikiwa zimefungwa, alibana kipimo kwenye kila waya unaotoka kwenye transfoma. Fezi ya kwanza ilikuwa na ampea 24. Ya pili 31. Ya tatu 78. Waya wa nyutro, ambao mizigo ikilingana hubeba kidogo sana, ulikuwa na kama ampea 51. Ufukweni, nyumba ya mwisho, volti zilisoma 176 badala ya 230.

Jumla ya fezi zote ni ampea 133, na transfoma ina uwezo wa 216. Yaani transfoma iliyosemwa imejaa ilikuwa na zaidi ya theluthi moja ya nafasi. Fezi moja tu ndiyo ilikuwa imepita 72.

Sababu ilionekana fundi alipomulika nguzo. Kwa miaka yote, nyumba moja baada ya nyingine, waunganishaji walikuwa wamechukua waya ulio rahisi kufikiwa kwa ngazi. Kati ilikuwa imechanganyika kidogo. Ufukweni karibu kila nyumba ilikuwa kwenye waya mmoja. Waya wa alumini wa ukubwa ule una ukinzani wa karibu omu 0.6 kwa kilomita. Mzigo ukiwa kwenye fezi moja, mkondo huenda kwa waya huo na kurudi kwa nyutro, kwa hiyo safari ni omu 1.2. Ampea 40 za Ufukweni zinapoteza volti 48 njiani, kabla hujahesabu kilichopotea pale Kati. Mzigo ule ule ukigawanywa kwenye fezi tatu, kila moja inabeba ampea 13, nyutro haina kazi, na kinachopotea hakifiki volti 10.

Kuna ubaya mwingine ambao fundi aliueleza akiwa juu ya ngazi: kompresa inayopewa volti ndogo huvuta mkondo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ile ile, na mkondo mkubwa hushusha volti zaidi. Ufukweni walikuwa wanajiumiza wenyewe kwa wenyewe, kila friza ikimwibia jirani yake. Mashine ya kusaga haikuhusika kabisa na jioni ile.

Hapa ndipo mkutano ulipokuwa na sauti tofauti. Namba tatu, 24, 31 na 78, ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mwenye mashine kubwa alizitazama kwa muda, kisha akauliza swali lililokuwa la maana kuliko yote yaliyoulizwa: “Sasa mimi nilizuiwa usiku kwa ajili ya nini?”

Uamuzi wa pili

Hatua ya kwanza ilikuwa kugawa upya fezi, na ilifanywa na mafundi wa msambazaji wenyewe. Vijana kadhaa wa kijiji walijitolea kupanda nguzo. Kamati iliwazuia, na wapo wenye roho zao leo kwa sababu hiyo. Nyumba za Kati na Juu zilizokuwa kwenye fezi ya tatu zilihamishwa baadhi, na friza za Ufukweni zikagawanywa katika tatu. Zahanati iliwekwa kwenye fezi isiyo na friza nyingi. Baada ya hapo, jioni nyingine ya bamvua, vipimo vilikuwa 46, 41 na 46, nyutro ampea 5, na Ufukweni volti 209. Friza zinaanza bila kuguna.

Ilibaki mashine za kusaga. Kubwa ina mota ya kilowati 15, inavuta kama ampea 28 kwa kila fezi. Ndogo, ya kilowati 7.5, kama 15. Jioni ya bamvua, 46 na 28 ni 74, imepita. Na 46 na 15 ni 61, inatosha. Kwa hesabu, basi, mashine kubwa inapaswa kufungwa jioni na ndogo inaweza kuendelea.

Kamati ilikataa hesabu hiyo. Mashine moja ikifunga na nyingine ikisaga, wateja watahama, na wakishazoea hawatarudi hata mchana. Waliamua zote mbili zifunge saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, bamvua na maji mafu. Hapa kuna uwezo wa umeme uliotupwa makusudi ili watu wawili wasigombane. Nilidhani, na bado nadhani, kwamba siku za maji mafu wangeweza kuruhusu zote. Lakini kanuni inayobadilika kila juma ina gharama yake, na wao ndio wanaoishi na wenye mashine.

Mashine kubwa ilikuwa na kasoro nyingine. Iliwashwa moja kwa moja, na kwa sekunde chache za kuanza mota ya namna hiyo huvuta kama mara sita ya mkondo wake, karibu ampea 170. Kijiji kizima kilijua imewashwa kwa kutazama taa. Dawa ni stata inayowasha kwa hatua mbili, ile mafundi wanayoiita sta-delta, ambayo hushusha mkondo wa kuanza hadi theluthi. Mwenye mashine alisema hana sababu ya kuinunua, kwa kuwa mashine yake inawaka vizuri. Alikuwa anasema kweli: gharama ni yake, nafuu ni ya wengine. Wanunuzi wa samaki wakachanga nusu ya bei, yeye akatoa nusu. Haikuwa bei ya umeme wala faini, ilikuwa mapatano ya majirani, na mtendaji hakuwa na pingamizi.

Kuhusu friza, ratiba ya kuzima ilifutwa yote. Badala yake walikubaliana jambo moja: umeme ukikatika na kurudi, wenye friza wa alama nyekundu wawashe mara moja, wa njano wasubiri robo saa, wa buluu nusu saa. Alama zilipakwa kwa rangi kwenye kibao cha mita ya kila nyumba. Mita ya mteja mpya hupakwa rangi siku anayounganishwa, na orodha iko ofisini.

Ramadhani

Hili linahitaji sehemu yake, kwa sababu hakuna aliyelifikiria hadi lilipofika.

Mwezi mwandamo ndio unaoanza Ramadhani, na mwezi mwandamo ndio unaoleta bamvua. Kwa hiyo siku za mwanzo za mfungo huangukia bamvua kila mwaka, na katikati ya mwezi huangukia bamvua la mbalamwezi. Siku hizo hizo, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, wanawake hujipanga kwenye mashine na ndoo za mahindi, mchele na makopa ya futari. Mashine mbili ni ampea 43. Friza za bamvua na nyumba saa hiyo ni kama 40. Jumla 83.

Fyuzi haikukatika siku ya kwanza ya mfungo, ilikatika siku ya tatu. Wenye mashine wakakaa wenyewe, bila kamati, wakakubaliana: siku za bamvua za Ramadhani mashine kubwa inafungwa saa kumi, ndogo inaendelea hadi karibu na adhana, na mwenye kubwa anampeleka kijana wake kusaidia na kuchukua sehemu ya mapato. Mashine kubwa nayo inafunguliwa alfajiri mapema zaidi ya kawaida. Foleni ya jioni iliongezeka, na akina mama walinung'unika kwamba ndogo inasaga taratibu. Wengine wakaanza kusaga asubuhi.

Matokeo

Msimu wa korosho uliofuata friza ziliongezeka tena, lakini jioni Ufukweni volti hazikushuka chini ya 200 kila zilipopimwa. Kompresa hazikuungua kwa sababu ya umeme mdogo. Vijana wa kusikiliza kuta waliachishwa kazi, jambo lililofurahisha hadi mbwa.

Aliyepoteza ni fundi wa kuchomelea. Saa mbili za mchana hazikumtosha, kazi za milango na vitanda zilichelewa, akahamia kijiji kingine kando ya barabara. Hakuwa na kiti kwenye kamati, na alikuwa peke yake. Mtu mmoja mwenye mzigo wa ampea 30 kwenye fezi moja anaonekana mbaya sana kwenye ubao. Mashine yake ilikuwa ya zamani ya koili. Mashine ya inveta ya siku hizi huvuta pungufu kwa kazi ile ile, na mchango mdogo kuliko ule wa stata ungemsaidia kuinunua. Hakuna aliyemuuliza.

Uchambuzi

Kosa la ratiba ya kwanza halikuwa kwenye haki yake. Kama zamu ya kisimani, ilikuwa na haki. Ila kisima ni kimoja na ndoo zote hutoka humo. Mtandao wa umeme una fezi tatu na urefu, na mtu wa nguzo ya tatu hagombani kabisa na mtu wa mkiani kwenye fezi nyingine. Kuwagawia saa watu ambao hawabanani ni kuwanyima bure. Kabla ya kugawa uhaba, kamati ingepaswa kujua uhaba uko kwenye waya gani, saa ngapi. Kipimo kilichukua jioni moja.

Ratiba ile pia ilitengeneza kilele kipya. Ukiwazima watu wote kwa wakati mmoja na kuwawasha wote kwa wakati mmoja, msongamano hauondoki, unahamia saa nne na kuwa mkali zaidi. Ndiyo maana zamu za rangi zilifanya kazi: hazikumnyima mtu umeme, zilizuia tu kuanza kwa pamoja.

Tatizo la taarifa lilikuwa kubwa kuliko la nyaya. Neno “friza za biashara” lilikuwa na uwazi mkubwa. Mama anayeuza barafu za pakti kwa watoto wa shule ana friza ya nyumbani au ya biashara? Kila mmoja alisema yake ni ya nyumbani. Na kulikuwa na sababu nzito zaidi ya kuficha. Kwa bei za wakati huo, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi, kabla ya kodi na tozo. Friza moja hula kama uniti moja hadi mbili kwa siku, yaani 30 hadi 60 kwa mwezi. Ukiongeza taa na televisheni unagusa 75. Orodha ya kamati iliyoandika nani ana friza ngapi ilionekana kama mtego wa kumtoa mtu kwenye bei nafuu. Hesabu ya kwanza ya friza ilikuwa karibu nusu ya ile iliyopatikana baadaye, mwenyekiti alipotangaza msikitini na sokoni kwamba orodha haitatoka nje ya ofisi na inahusu rangi tu.

Sehemu nyingine za dunia msongamano huonekana kwenye bei. Norwe imegawanywa katika kanda tano za bei, na laini kati ya kanda mbili ikijaa, uniti huwa na bei tofauti pande zake. Hapa bei ni moja, na LUKU ya kawaida haijui saa wala nguzo. Lakini msongamano lazima mtu aulipe. Usipolipwa kwa shilingi, hulipwa kwa volti, na wa mkiani ndiye mlipaji. Mwenye friza ya Ufukweni alinunua uniti kwa bei ile ile ya mwenyekiti, kisha akanunua kompresa mpya. Ukiliona hivyo, mchango wa stata haukuwa hisani ya wanunuzi wa samaki, wala wenye mashine hawakushinda. Ilikuwa mara ya kwanza gharama ya kubanana kuonekana kwa shilingi, na mara moja wakapatikana wa kuigawana.

Kufuata mwezi badala ya saa ndiko kulikoifanya kanuni ya bamvua ya Ramadhani ishikike. Kila mtu pale anajua bamvua ni lini bila kalenda. Kanuni inayoegemea jambo ambalo watu wanalitazama tayari haihitaji mlinzi. Hata hivyo ilikuja kwa bahati zaidi ya mpango. Kama mnunuzi mmoja asingelalamika kwamba juma la kwanza “lilikuwa la maji mafu, hesabu zenu si hesabu”, tungeisifu ratiba ile kwa mwezi mzima.

Kamati yenyewe ilikuwa na kasoro ya uwakilishi ambayo haikurekebishwa. Vitongoji vilikuwa na viti, kazi hazikuwa na viti isipokuwa tatu. Fundi wa kuchomelea, akina mama wa barafu na wapangaji hawakuwemo. Wa barafu waliokolewa na wingi wao. Fundi hakuwa na wingi.

Wakati wa kuandika, kuna ombi jipya mezani: mashine ya tatu ya kusaga, kilowati 7.5, Kati. Mchana wa maji mafu nafasi ipo. Mchana wa bamvua, mashine mbili na friza zinagusa 71, na ya tatu ingepeleka 86. Kamati imeandika barua kwa msambazaji kuomba transfoma kubwa zaidi, na imempa mwombaji hali ya sasa kwa namba zilezile za chaki. Amekubali kutosaga siku za bamvua hadi transfoma ibadilishwe. Wenye mashine wawili wa zamani hawajakubali kwamba siku hizo si zao milele, na mwombaji ameuliza kwa nini zamu za bamvua zisizunguke kwa watatu. Swali hilo limepangwa kwa mkutano ujao, na safari hii wa barafu wameomba kiti.